Asili Haijulikani

Ukifika Salem, mtaa wa nyuma ya gati la kale,
utaiona: ghorofa tatu, matofali mekundu,
madirisha kumi na matano yakikutazama
kama mdai asiye na haraka.
Kina Tarbeck waliijenga, kina Tarbeck wakaisha.
Wa mwisho, Bi Lavinia, hakuolewa, hakuuza,
aliacha wosia wa mstari mmoja:
Kisihamishwe hata kijiko.
Na kijiko hakijahamishwa. Kimelala pale mezani
kikingoja supu tangu mwaka wa ishirini na sita.

Nyumba njema si mlango, tuliambiwa.
Mimi mlango wenyewe sikuupata hata wa kuusifu;
fundi huingilia nyuma, palipokuwa stoo ya makaa,
avue viatu, avae soksi za kitambaa,
asiegemee ukuta, asikohoe
karibu na ndege waliochorwa kwa mkono.

Nimeajiriwa kuosha ngazi.
Si kufagia. Kuosha,
kwa pamba iliyoviringwa kwenye kijiti,
inchi kwa inchi, kidato kwa kidato,
nitoe masizi ya miaka mia mbili
nisiguse kilichong'aa chini yake.

Siku ya nne, kidato cha saba,
vanishi ililainika, ikatoa harufu.
Niliketi.
"Umeumia?" Doreen Kowalczyk, mtunzaji, akauliza toka chini.
Nikasema hapana.
Ningemwambiaje kwamba ubao wa watu
umefungua sanduku la bibi yangu Somoe, Kilwa Kivinje,
alimoficha kipande cha sandarusi
chini ya kanga za msiba?

Sandarusi: chozi la mti uliokwisha kufa,
likazama mchangani, likausahau mti.
Babu wa babu yake aliichimba
kwa jembe la mpini mfupi, mvua zikishalainisha ardhi,
shimo baada ya shimo, kwa frasila, kwa deni.
Ikaenda zake. Badala yake ikaja merikani,
jora kwa jora, nguo nzito
ya kuwavika wachimbaji, na ya kuwazikia.
Jina la nchi hii tulilivaa mwilini
kabla hatujaiona kwenye ramani.

Kumbe ilikuwa hapa.
Ngazi nzima inang'aa kwayo.
Mabibi harusi wameishuka, majeneza yameishuka,
na mtoto fulani, mtundu, mwenye kisu,
amechonga herufi T pembeni mwa kidato cha tano.

Wageni walipoondoka, Doreen akanipeleka
chumba cha Kapteni, kabati la tatu.
Kati ya dira na jino la nyangumi
palikuwa na kidonge cha manjano, kama yai la kwale,
kina vipele vya ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.
Ndani yake sisimizi, mguu mmoja mbele.
Alikuwa akienda mahali.
Kadi ilisema: Jiwe. Asili haijulikani.

Nikacheka, na kicheko kikageuka njiani.
"Inajulikana," nikasema. "Mimi naijua."

Hakubisha. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta,
akatoa penseli, maana wino ni marufuku humo ndani,
akaniomba nitaje polepole.
Sa. Nda. Ru. Si.
Akakosea, akafuta, akaandika tena.
Akauliza na Kilwa inaandikwaje.
Kisha akairudisha kadi palepale ilipokuwa,
upana wa unywele usizidi;
wosia ni wosia.

Kesho yake nikarudi kidato cha nane.
Viko ishirini na viwili, na mkataba wangu unakwisha Oktoba.
Nafuta masizi yao, nabakiza jasho letu,
nalipwa kwa saa.